Biografi Niliyoiandika Mapema

Mkurugenzi wa masomo ninapofundisha aliniomba nizungumze na walimu wenzangu kwa nusu saa juu ya jambo moja: namna mwandishi anavyojitia moyo asikate tamaa. Wako wawili kati yao wanaotunga mashairi, na mmoja ana mchezo wa kuigiza ambao haumaliziki. Wananiona mimi mtu aliyefika, kwa kuwa Jumamosi nyingi hapa Kamina maneno yangu yamesomwa kwa mikrofoni mbele ya umati. Nikasimama karibu na ubao, nikasema yale ambayo watu husema. Andika kila siku, hata mstari mmoja. Usijilinganishe na mwenzako. Omba kabla ya kushika kalamu. Tafuta mtu mmoja anayekuamini, na umwandikie huyo. Wakainama, wakanakili kwenye kaye, madaftari yao. Nilipofika kwenye hilo la mwisho niligeuka nikaufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Mtu mmoja anayeniamini ni baba yangu. Nilichomtendea sikuwaambia walimu, na nadhani ndicho walichopaswa kusikia.

Baba alikuwa mtu wa reli maisha yake yote ya kazi. Miaka mingi alikuwa shefu wa gare, mkuu wa stesheni, katika vituo vidogo vya upande wa Kaniama, vile ambavyo treni zingine hupita bila hata kupunguza mwendo. Alikuwa akituletea nyumbani fomu zilizokwisha kutumika, zimejaa tarakimu upande mmoja, nyeupe upande wa pili. Ndugu zangu walizikunja wakatengeneza ndege. Mimi niliandika. Nilipokuwa mtu mzima, tayari mwalimu, nikamwambia kwamba nataka kuandika riwaya ndefu juu ya watu wa reli. Hakucheka, wala hakuuliza itanisaidia nini. Tangu siku hiyo, kila Jumapili tukitoka kanisani na kumaliza kula bukari, ugali wetu, alikuwa akibeba kiti chake mwenyewe hadi barazani, anavua viatu, ananyoosha miguu, anasema:

"Haya mama, leta. Tuliachaka wapi?"

Ananiita mama, kama akina baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nami nasoma kurasa za wiki ile. Alikuwa msikilizaji mwenye matata. Akisikia treni yangu imetoka gare bila kutangazwa kwanza kwa simu kwenye gare inayofuata, ananikatiza: "Hapana! Unataka kuua bantu?" Basi narekebisha. Mimi ni mvivu, sitaficha, na mtu mvivu akijua kwamba Jumapili kuna mzee atakayekaa kwenye kiti akingoja, ataandika hata Jumamosi mchana huku maharagwe yanaungua. Kwa miaka mingi moyo wangu wa kuandika ulikuwa ni kile kiti tu.

Kisha mama akafariki, nikaonja kitu kingine.

Kwetu, kabla jeneza halijatoka lupangoni, yaani uani kwa wafiwa, kwenda makaburini, biografi ya marehemu lazima isomwe mbele ya watu wote wa kilio. Alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alifanya kazi gani, alizaa watoto wangapi, ugonjwa ulianza vipi. Kwa kawaida ni karatasi moja kavu ambayo mjomba fulani ameiandika juu ya goti lake, na watu huisikiliza wakijipepea. Kwa mama yangu nilikataa. Niliandika kurasa tatu. Niliweka jinsi alivyokuwa akipika kwa abiria waliokwama, jinsi alivyoogopa paka, jinsi alivyoimba sauti ya pili hata kanisa zima likiimba ya kwanza. Mtu wa protokoli akashika mikrofoni, akasoma, na watu wakalia vilio vya kweli.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka, ubavuni mwa jeneza, binti wa marehemu. Na nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nasikiliza kama watalia pale nilipopanga walie. Walilia palepale. Nikasikia utamu kifuani ambao riwaya yangu haijawahi kunipa. Mama yuko ndani ya sanduku, na mimi moyoni nasema: imefaulu.

Baada ya hapo watu walianza kuja. Kilio cha huku, kilio cha kule, "Madame, utuandikie kama ya mama yako." Niliandika za walimu, za wazee wa kanisa, za mama mmoja aliyeuza samaki wa Kinkondja sokoni mpaka mahali pale pakaitwa kwa jina lake. Alhamisi naandika, Jumamosi naketi nyuma na akina mama, kikwembe changu cha kitenge kimefunika kichwa, natazama mabega ya watu yakianza kutikisika. Mwandishi gani wa riwaya amewahi kuona msomaji wake akijipangusa pua? Riwaya ni kama kumwandikia mtu asiye na anwani. Biografi inajibiwa siku mbili baadaye, kwa machozi, na anayelia hata hajui kwamba anakujibu wewe.

Nilijidanganya kwamba najizoeza mkono. Lakini riwaya ilipungua mwendo, ikasimama. Jumapili baba anatoa kiti, mimi sina kitu. Jumapili ya kwanza nilimsomea sura ya zamani, nikabadilisha jina la mtu mmoja na kuongeza mvua. Akaitikia kwa kichwa polepole, akasema inaendelea vizuri. Ya pili, hivyo hivyo. Mtu akianza uongo wa namna hii anakuwa hodari. Niligeuza kiangazi kuwa masika, nikageuza mke kuwa dada, na baba akaendelea kuvua viatu na kunyoosha miguu.

Mara moja tu nilimwambia nusu ya ukweli, kwamba maneno yamenikauka. Hakunikemea. Akaniambia habari ambayo, alisema, hajawahi kumsimulia mtu yeyote wa reli.

Katika masika ya zamani, treni ya abiria iliharibika mashine ikalala kwenye gare yake siku tisa. Baba alifungua ghala lake la mahindi, watu wakala. Siku ya sita mwanamke mmoja alishikwa na uchungu, mvua inanyesha, na mahali pekee pakavu palikuwa ofisini. Mama yangu akamlaza juu ya meza ya kazi. Mtoto akatoka salama, analia kwa nguvu. Sasa baba ni mtu wa utaratibu. Alifundishwa kwamba chochote kinachofika gare lazima kiandikwe. Akafungua rejista, akatafuta safu ya treni zilizofika, akaandika: saa nane na dakika kumi, mtoto mmoja, wa kike, hali nzuri. Wiki chache baadaye mkaguzi alipita, akaona ule mstari, akamwandikia barua kali kwamba rejista ya kazi si kaye ya kuchezea. Baba aliona haya kiasi kwamba hakumsimulia mwenzake yeyote. Mama alijua, basi.

"Nilikuwaka na haya," aliniambia. "Lakini sasa niko muzee, haya iliisha. Iko yako. Tia mu kitabu."

Nilimwahidi. Nilikuwa na nia njema kabisa, kama siku zote.

Mwaka uliofuata baba alipasuliwa ngiri, na jeraha likaoza. Homa ilipanda, akawa anaongea na watu wasiokuwepo, mara anatangaza treni. Daktari aliniita pembeni akasema sisi kama familia tujitayarishe. Ndugu zangu wako mbali, kwa hiyo mimi ndiye niliyemlinda. Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, na mchana nilikaa kwenye kigoda, kaye juu ya magoti, nikimpepea kwa mkono wa kushoto.

Na wa kulia ukaanza kuandika biografi yake.

Mtu asiye wa kwetu hataelewa uzito wa jambo hili. Kuandika kifo cha mtu anayepumua ni kukiita kifo kwa jina, kiingie mlangoni. Sisi ni Wametodisti wa miaka mingi, tunaimba kwamba mambo hayo hayatutishi, lakini shangazi yangu angeiona ile kaye angeitia moto, na mimi labda juu yake. Nilijiambia kwamba ninajitayarisha, kama daktari alivyoagiza. Nilijiambia kwamba baba anastahili kitu kisichoandikwa kwa haraka. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu kubwa ya kumpoteza, na katikati ya hofu ile maneno yalikuja, ya kweli, yenye joto, baada ya mwaka mzima wa ukavu. Ningewezaje kuyafukuza? Niliandika siku tatu. Katikati niliweka treni iliyolala na mtoto wa kwenye rejista, na kuzunguka hapo nikajenga maisha yake yote. Mwisho nikaandika kwamba aliondoka kwa amani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe. Nilipouandika mstari huo mkono wangu ulikuwa umeshika kalamu, na wake ulikuwa juu ya shuka, peke yake.

Siku ya nne homa ilishuka. Siku ya tano aliomba uji. Nililia nikamshukuru Mungu, na shukrani ile haikuwa ya kinafiki. Lakini nyuma ya furaha kulikuwa na kitu kidogo, kibaya, nami nitakisema kwa kuwa ndicho kilichozaa mengine yote. Nilisikitika. Nilikuwa nimeandika kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kuandika, na hakuna atakayekisikia.

Niliificha ile kaye ndani ya sanduku, chini ya vikwembe vya kanisa. Sikuweza kuichana. Siku ambazo nilijiona mwandishi wa bure, nilifunga mlango, nikaitoa, nikasoma kifo cha baba yangu ili nipate moyo. Yeye yuko uani, anapiga mluzi na kumwagilia mboga zake.

Mwaka jana alifariki mzee mmoja wa reli, mwenzake baba, naye aliwahi kushika gare ndogo ndogo za njia ile ile. Binti yake mkubwa alikuja kwangu Alhamisi jioni na karatasi ya mistari saba. Kuzaliwa, ubatizo, kuajiriwa, ndoa, watoto, pensheni, presha. Nikamuuliza: baba yako alipenda nini? Akafikiri. "Alikuwaka mutu ya kunyamaza," akasema. Nikauliza kama kuna siku moja anayoikumbuka kuliko nyingine. Akaanza kulia, akasema zote zilikuwa sawa.

Ijumaa nilikuwa na mitihani ya darasa la sita ya kusahihisha. Niliketi mbele ya ile mistari saba, na mambo hayakwenda. Mtu wa kunyamaza utamwandikaje ili watu walie? Nikafungua sanduku kuiangalia kaye, eti nione tu mpangilio wa aya. Nikanakili mwanzo. Mwanzo ulifaa, kwa nini usifae, wote wawili walikuwa watu wa reli. Nikanakili yaliyofuata. Nilipofika kwenye treni iliyolala siku tisa nilisimama, nakumbuka nilisimama, hata nikainuka nikaenda kunywa maji. Kisha nikarudi nikaandika jina la marehemu mahali pa jina la baba, na jina la mke wake mahali pa mama yangu.

Nilikuwa na hesabu zangu. Tangu alipopasuliwa mguu wa upande ule humuuma, na baba hakai tena kwenye vilio. Huenda mapema, anawapa pole wenye msiba, anarudi. Ijumaa ile asubuhi alikuwa amekwishakwenda. Nilijiambia kwamba hatakuwepo, kwamba marehemu hataumia, kwamba mjane atafarijika. Chini ya hayo yote nilikuwa na hamu tu. Nilitaka kuyasikia yakisomwa.

Jumamosi lupango la marehemu lilijaa. Turubai lilifungwa toka paa la nyumba hadi kwenye mti wa jirani, na chini yake, mstari wa mbele, waliketi wastaafu wa reli na kofia zao za kazi. Mimi nilikuwa nyuma na akina mama. Protokoli alikuwa anajaribu mikrofoni wakati pikipiki iliposimama njiani. Baba akashuka. Jirani mmoja alikuwa amempitia, akamwambia si vizuri mwenzako azikwe wewe uko kitandani. Wastaafu wakamsogezea kiti. Akavaa kofia yake.

Ningeweza kuinuka. Protokoli alikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa, ananifahamu, ningemwambia kuna kosa, nipe karatasi. Sikuinuka. Nisiseme uongo tena, masikio yalikuwa yanangoja.

Akasoma vizuri, yule mtu. Ana sauti ya kengele. Mwanzo ulipita. Baba alikuwa anasikiliza kwa heshima, mikono juu ya fimbo. Kisha protokoli akasema treni ililala siku tisa, na kichwa cha baba kikainuka. Ghala la mahindi likafunguliwa. Mke akamlaza mwanamke juu ya meza. Rejista ikafunguliwa, saa nane na dakika kumi, mtoto mmoja, wa kike, hali nzuri. Watu walicheka kicheko kile cha kilio ambacho kinageuka katikati, wakalia. Wastaafu walitazamana kwa mshangao, kumbe mwenzetu alifanya hivi na hakutuambia! Mmoja akampiga baba bega. Baba akakubali kwa kichwa, kama wengine. Mjane alikuwa amejifunika uso. Na mstari wa mwisho ulipofika, wa mkono ndani ya mkono, lupango zima lilikuwa machozi, na baba alikuwa amevua kofia, anaiangalia ndani yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

Nilikuwa nimeota ile siku. Ilikuja yote, kicheko mahali pake, kilio mahali pake, nami nilikaa pale nikitamani ardhi inimeze.

Baba hakwenda makaburini, mguu haukumruhusu. Mimi nilikwenda, nikakawia kwa makusudi, nikasaidia kuosha sufuria ambazo hazikunihusu. Niliporudi alikuwa barazani.

"Balimuzika?"

"Walimzika, Papa."

"Muzuri."

Basi. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulikula bukari. Akanawa mikono, akasema wafwako, kama anavyoshukuru siku zote kwa Kiluba, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Kiti kilibaki mahali pake. Jumapili iliyofuata vile vile, na ya tatu. Hakununa, hakunisema. Alinisalimia asubuhi, aliniuliza habari za masomo, alinichekea hata. Ingekuwa nafuu kama angenirushia fimbo.

Wiki ya nne nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa mjane. Nilikuwa nimepanga kumwambia kweli yote na kumwomba nafasi ya kuiandika upya, biografi ya mumewe mwenyewe, hata kama ni mistari saba. Nilimkuta anachambua sombe, majani ya muhogo, mama mdogo wa mwili, nguo nyeusi. Nikapiga magoti. Nikamwambia ile habari ya mtoto wa gare si ya mumewe. Hakuacha kuchambua.

"Madame," akasema, "minyi niliishi na ule bwana tangu ningali musichana. Unawaza sikujua? Hakuna mutoto alizaliwa ku bureau yake. Ata mbuzi."

Alitupa bua kando, akachukua jani jingine.

"Lakini bajukuu bangu banaishika ile habari. Mudogo, mwenye jina yake, anaenda nayo ku masomo, anasema babu njo aliandika mutoto mu rejista. Alikuwaka mutu muzuri, Madame, lakini alikuwaka mutu ya kunyamaza. Hakuachaka kintu ya kusimulia. Sasa iko nayo. Weye njo ulimupatia. Usikuye kumunyanganya, nakuomba."

Akanishika mkono na ule mkono wake wenye majani. Aliniomba mimi, mwizi, nisirudishe nilichoiba. Nilitoka pale nikiwa nimezidiwa kuliko nilivyoingia, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kutua mzigo na nikanyimwa mahali pa kuutua.

Nilirudi moja kwa moja nyumbani. Baba alikuwa barazani, mchana mweupe, hakuna mgeni. Nikaleta ile kaye, nikaiweka juu ya mapaja yake, nikamwambia yote bila kupamba. Kwamba sikuiandika kwa ajili ya yule mzee. Kwamba niliiandika yeye akiwa hai, hospitalini, pembeni ya kitanda chake. Kwamba nilienda kwa mjane, na mjane amesema nini. Hakufungua kaye. Alipitisha kidole kwenye ukingo wake, mara kadhaa.

"Ile ya mutoto, aende nayo," akasema. "Alikuwaka rafiki. Minyi sina hasira ya ile. Na ya kuniandika sawa vile maiti, ile pia sina hasira. Daktari aliwaambia, sivyo? Watu banajitayarisha."

"Papa, nisamehe."

"Ngoja. Iko kintu moja njo inaniuma."

Akaigeuza kaye, uso chini.

"Kule ku hopitali, nilikuwa nafungua macho nakuona. Kila siku unaandika. Mbio mbio, sawa vile ya zamani. Nikasema, kitabu kilirudi. Maana minyi nilijua, mama. Nilijua kama kila Jumapili unanisomea kurasa za zamani, unatia tu mvua. Minyi nilishikaka gare, najua treni yenye ilikwisha kupita. Nikanyamaza, nikasema itarudi tu."

Machozi yalikuwa yananitiririka hadi shingoni. Yeye hakulia.

"Nilikuwa nimechoka, mama. Nilichoka kabisa. Nilitaka kwenda kwa mama yako, na haikuwa mbali. Lakini nikakuona unaandika, nikasema hapana, nisikufwe kwanza, nisikie ile. Bakileta dawa nakunywa. Bakileta uji nalazimisha. Nilipona juu ya ile kitabu. Na siku niliisikia, ilikuwa kifo yangu, na bantu banapiga mikono."

Hakuna aliyepiga makofi kilioni, watu hawapigi makofi mbele ya jeneza. Sikumsahihisha. Alinirudishia kaye, akajishika kwenye ukuta, akasimama, akaingia ndani.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi walikuja watu wa kilio kingine, nikawaambia watafute mjomba wao. Nilikaa mezani na kurasa za riwaya, zile za zamani zenye mvua niliyoiongeza, nikaifuta mvua yote, mstari kwa mstari, hadi nikafika pale nilipoachia kweli, karibu miaka mitatu nyuma. Hadi Jumamosi nilikuwa nimepata ukurasa mmoja mpya. Ulikuwa mbaya. Treni ilikuwa imesimama, watu wawili wanabishana juu ya kuku, hakuna aliyekufa na hakuna ambaye angelia.

Jumapili tulikula. Baba akanawa, akaingia chumbani, akafunga. Nilibeba kiti changu mwenyewe, nikakiweka mbele ya mlango wake, nikaketi, nikaanza kusoma kwa sauti. Nilisoma ugomvi wa kuku, nikasoma hadi mstari wa mwisho. Ndani kulikuwa kimya, hata kitanda hakikulia. Nilisubiri. Kisha nikarudi juu ya ukurasa na kuusoma tena toka mwanzo.